Farasi wa Dilmurad

Kambini, Oman
9 Januari 1960

Banari,

Farasi gani?

Salamu baadaye, kwanza nijibu hilo. Jana wameletwa askari wapya sita kutoka kwetu Kech, vumbi la lori bado limo masikioni mwao, na wa kwanza kushuka akanishika mikono yote miwili: "Kaka Dilmurad! Yuko wapi?" Nikamwuliza nani. "Farasi! Yule mweupe uliyepewa na Kapteni!" Kikosi kizima kilikuwa kwenye foleni ya chai. Mpaka ninapoandika haya, sipiti mahali bila mtu kunilia kama farasi. Sajini Gwahram, mzee mwenye miaka ishirini katika jeshi hili la Sultani, ameniuliza kwa upole kama ningependa kuhamia zizini.

Mimi sina farasi. Sina hata punda. Kambi nzima ina magari manne, na moja halina breki. Kwa mwaka mmoja nimekuandikia barua tano, na katika zote tano nimeandika ninachofanya: nalinda lango, nafua, nachimba vyoo, nalinda lango tena. Kijana huyo anasema Mama huwaambia watu kisimani kwamba nakula nyama kila siku na nina watu wawili chini yangu. Walio chini yangu ni kunguni.

Barua hii nimempa Jangian, mwenzangu wa kikosi, anakuja likizo. Nimemwapisha akupe wewe mkononi. Usiisome uani. Isome peke yako, kisha unijibu: umekuwa ukiwasomea nini watu?

Kaka yako,
Dilmurad, askari wa miguu (nasema tena: wa miguu)


Kech
2 Februari 1960

Kaka Dilmurad,

Nimeisoma ndani ya ghala la tende, mgongo nimeuegemeza mlangoni ili asiingie mtu. Nimecheka, nikalia, nikaona aibu kwa vyote viwili. Sasa nitakiri. Kwa mdomo nisingeweza, unanijua. Mimi mgeni akiniomba chumvi nasahau chumvi inakaa wapi.

Hujui barua zako zinavyopokewa. Lori likileta bahasha, kabla sijapata hata kuipasua, Ami Shahdost keshafika na mto wake wa kukalia. Wanaume wanajaa uani, wanawake nyuma ya pazia, nami nyuma ya pazia hilo hilo, karibu na upenyo, kwa kuwa katika nyumba zetu kumi na mbili tangu uondoke ni mimi peke yangu ninayesoma Kiurdu, kwa miaka sita ile tuliyokaa kwa mjomba Karachi. Ami anakohoa, anasema, "Haya. Hali?" Ananiuliza kama anavyoulizwa msafiri aliyeshuka kwenye ngamia! Na ukishaulizwa hali, ndugu yangu, wewe ndiye msemaji, hakuna wa kukukatiza, na hali haitolewi kwa uongo. Basi naangalia Kiurdu chako, natoa Kibaluchi, mbele ya wanaume ishirini.

Sasa kumbuka barua yako ya kwanza, mstari wa tatu. Uliandika: "Kila asubuhi nafua chupi za Kapteni."

Kaka! Hukuwa na neno jingine? Nilifika hapo nikakwama. Mbele ya Ami, mbele ya mullah, niseme neno lile! Masikio yaliwaka moto. Mama akaninong'oneza, "Nini? Amekufa?" Ami akasema, "Sauti, binti!" Nikatoa kilichokuja kwanza mdomoni: "Kila asubuhi namtunza... farasi wa Kapteni." Ni hilo tu. Barua ya pili wakauliza, farasi hajambo? Barua ya tatu ulikuwa unahara, na kuhara nako kutasemwaje mbele ya mullah? Nikasema umepewa mapumziko, na farasi juu yake. Hivyo ndivyo alivyokuwa wako. Rangi nyeupe sikumtia mimi, alimtia Mama.

Ningekuachia ucheke, ila kuna jambo. Ami anamkusanyia Sultani vijana wengine. Mitende ikishachavushwa, mwezi wa nne, lori litakuja kuwachukua. Ameandika majina saba, na la kwanza ni la Sabzal, mdogo wetu, ana miaka kumi na saba na hajui hata kujifungia kilemba. Nilimwuliza unakwenda kutafuta nini. Akanishangaa: "Wewe si ndiye uliyetusomea?"

Haya nimemfanyia mimi. Niandikie barua mbaya, kaka. Mbaya kabisa, lakini ya kusomeka! Isiwe na nguo za ndani wala tumbo. Nitaisoma kama ilivyo, naapa.

Mdogo wako mwenye hatia,
Banari


Kambini
27 Februari 1960

Banari,

Nimejaribu kukukasirikia siku mbili, nimeshindwa. Gwahram nilipomweleza ile habari ya mstari wa tatu aligaagaa kitandani akishika mbavu. Lakini Sabzal asije. Shika hilo kwanza, mengine ni maneno.

Unataka barua ya kusomeka. Haya, isome hii, na Ami akae mbele kabisa na huo mto wake.

Wiki mbili zilizopita tulitumwa kijiji kimoja mlimani kukamata watu watatu walioasi. Tulikuwa ishirini na wawili, Wabaluchi watupu, na Kapteni Mwingereza mbele na bastola yake. Tuliwapata. Walikuwa mwisho wa uchochoro, migongo ukutani, hawana pa kwenda. Hapo mlango mmoja ukafunguka, akatoka bibi kizee mbio, akaingia katikati yetu na wao, kichwa wazi, mvi zimetawanyika mabegani.

Unajua mwenyewe. Mwanamke akijitupa kichwa wazi kati ya wenye silaha, silaha hushuka. Hata kisasi cha miaka saba husimama. Hakuna aliyetoa amri. Bunduki ishirini na mbili zilishuka kwa pamoja, na sote tukageukia ukuta kwa adabu, tusimwone. Tulipogeuka tena, uchochoro mtupu.

Kapteni alikuwa amebadilika rangi mara tatu. "Nani amewaamuru mshushe bunduki?"

Gwahram akajibu, "Mwanamke, bwana."

"Mwanamke yupi? Amesema nini?"

"Hakusema kitu, bwana. Kichwa chake kilikuwa wazi."

"Na wewe sajini ulikuwa unatazama nini?"

"Ukuta, bwana."

Jioni yule bibi akaja kambini. Hakuja kushukuru, alikuja kudai mbuzi! Alikuwa anamkimbiza mbuzi wake, shungi likanasa kwenye miba ya ua, hakuwa na habari na sisi wala na wale watatu. "Wanaume wazima mmesimama mnatazama ukuta," anatufokea, "na mbuzi wangu anapita hapo hapo miguuni penu!"

Sote tumefungiwa siku kumi na nne. Likizo yangu imefutwa. Humu ndani nilimwuliza Gwahram, kwa nini Sultani asiajiri watu wa hapa hapa, avuke bahari kututafuta sisi? Akanicheka. "Mtu wa hapa ukimtuma kijijini, mlango wa pili ni wa shangazi yake. Wewe una shangazi hapa? Huna. Basi ndiyo kazi uliyoajiriwa hiyo, kutokuwa na shangazi."

Msomee Sabzal maneno hayo mara mbili.

Kaka yako aliye ndani,
Dilmurad


Kech
18 Machi 1960

Kaka,

Nimesoma. Neno kwa neno, kama nilivyoapa. Laiti nisingesoma!

Nilifika mahali bunduki zinaposhuka. Kisha Ami Shahdost akaanza kulia. Ami, yule asiyelia hata msibani! Akapiga paja: "Mnasikia? Mnasikia watoto wetu? Ndiyo sababu Sultani wa watu anavuka bahari kututafuta! Wapi pengine atapata askari wenye haya kama hawa?" Wanaume wakasimama. Mtu akapiga bunduki hewani, kuku wetu wawili mpaka leo hawajarudi. Ya mbuzi walicheka mpaka mullah akavua kofia ajipepee. Nikasoma maneno ya shangazi, mara mbili, polepole. Wakasema, "Huyo mzee Gwahram mtani sana."

Majina yalikuwa saba. Sasa ni kumi na moja.

Sabzal amenyoa nywele kama askari. Anatembea uani kwa hatua za kijeshi akipindua mitungi. Mama anamshonea mfuko wa safari, na anaimba akishona, kaka, anaimba. Juzi nilimwambia, "Mama, Dilmurad amefungwa." Akasema, "Amefungwa kwa heshima." Nikamwambia kufungwa ni kufungwa. Akaniambia nichunge sufuria.

Hebu niambie una nini wewe? Nimekuomba barua mbaya, umeniletea kitu ambacho watoto wanakiigiza kisimani, mmoja ndiye Kapteni, mmoja bibi, mmoja mbuzi. Nimechoka. Nimesema uongo, wamependa. Nimesema kweli, wamependa zaidi.

Naanza kufikiri labda ninyi mko salama huko na mimi ndiye mwoga. Kama ndivyo, niambie, nami nitanyamaza, Sabzal aende. Lakini kama kuna jambo baya, baya kweli, ambalo hujaliandika, basi unaniacha niongoze vita peke yangu nyuma ya pazia bila hata jiwe mkononi.

Lori linakuja mwishoni mwa mwezi wa nne.

Banari


Kambini
5 Aprili 1960

Banari,

Hii si ya uani. Ukiisha kuisoma ichome jikoni.

Siku ya kutufungua, Kapteni alitupanga mstari akasema anaelewa kwamba kwetu tuna mila nzuri. Alisema kwa heshima, hata akatabasamu. Akasema sasa anataka kuona kama tunaweza pia kutii. Tukarudishwa kijiji kile kile. Wale watatu walikuwa na mashamba. Tukagawiwa mashoka.

Nimekata mitende kumi na tisa.

Usiniulize kwa nini nimehesabu. Wewe umezaliwa Kech, unajua mtende haukatwi hata kwa adui, hata aliyeua babako humkatii mtende. Nilijua hayo yote na mkono ulikuwa unakwenda. Ukifika moyoni mwa mtende ni mweupe na unanukia maziwa. Sikuwa nikijua. Nani kwetu angejua?

Hakuna aliyetupinga. Mwenye shamba mmoja, mzee, baba wa mmoja wa wale watatu, alikuwa anatembea mbele yetu. Hakulia wala hakulaani. Kila mtende tulioufikia alitutajia: huu wa aina fulani, huu alipanda babu yangu, huu huchelewa lakini ni mtamu. Kama mtu anayetambulisha jamaa zake kwa wageni. Tulipopumzika akaniletea maji, akaniuliza kwa Kiarabu, "Ninyi kwenu kuna mitende?"

Nikamjibu hakuna.

Wewe ulisema farasi kwa sababu ya kuona haya. Mimi nami nimesema langu. Mazungumzo yetu mimi na wewe juu ya uongo yaishie hapo.

Sabzal mwambie lolote. Mwambie hakuna nyama, kuna homa, Kapteni anapiga watu. Usimwambie hili. Usimwambie mtu hili. Mama akilijua sitakuwa na pa kurudi.

D.


Kech
25 Aprili 1960

Kaka,

Nimeisoma uani.

Nisamehe au usinisamehe, nitaeleza kwa mpangilio. Nilimwambia Sabzal hakuna nyama, akacheka. Nikamwambia kuna homa, akasema hapa nako kuna homa. Lori lilikuwa limefika, limeegeshwa chini ya kuta za ngome kongwe. Zilibaki siku mbili. Ningefanya nini? Nikaenda mwenyewe kwa Ami. Mimi! Nikapiga hodi mlango wa wanaume, nikasema kuna barua, niulizwe hali.

Wakaja wote. Ami akasema, "Hali?" Nikaanza na yangu kwanza. Nikasema farasi hayuko, hajapata kuwako, nilimbuni kwa sababu niliona haya kusema neno "chupi". Nimelitamka, kaka, mbele ya mullah. Halafu nikasoma ya mitende mpaka mwisho. Maji ya yule mzee pia. Jibu lako pia.

Unajua walifanya nini? Walinikasirikia mimi.

"Mtoto wa Kech akate mtende?" Ami alisema. "Mtende wa watu, unaozaa? Mwanangu, uongo nao una mipaka!"

Lal Bakhsh, yule jirani, jina lake la tatu kwenye orodha, akasema, "Jana farasi, leo mitende. Kesho atatuletea ngamia anayeruka."

Nikapenyeza karatasi chini ya pazia. Nikasema someni wenyewe! Akapewa mullah. Akaigeuza, akaisogeza mbali, akaikaribisha. "Herufi nazijua," akasema, "ila hiki ni Kiurdu, maana yake siijui." Akairudisha. Basi tena nikabaki mimi, na mimi ndiye mwongo, nimekiri mwenyewe dakika kumi nyuma.

Ami hakunifokea zaidi. Alisema kwa huruma, na ndiyo iliyoniuma: "Binti anampenda mdogo wake, hataki aende. Tumsameheni."

Mama alinivuta mkono hadi jikoni. "Unamchafulia kaka yako jina ili umzuie mdogo wako? Dilmurad huyu niliyemfunga mgongoni nikimwagilia miche?" Tangu siku ile ananipa chakula bila kunitazama.

Sabzal alinifuata ghalani usiku wa kuamkia safari. Akauliza, "Kweli?" Nikasema kweli. Akanitazama sana. "Dada," akasema, "uso huo huo ulikuwa nao ulipokuwa unasoma ya farasi."

Amekwenda Alhamisi. Alikaa juu ya magunia, akanipungia mkono mpaka lori likakata kona. Mpokee. Sina jingine la kusema, na barua yako sijaichoma.

Banari


Kambini
24 Juni 1960

Banari,

Nilikuwa nimeapa kutokuandikia tena. Naandika kwa kuwa Sabzal anarudi, na lazima ujue kabla hajafika.

Walipofika hapa walikuwa wanacheka. Lal Bakhsh alilisimulia jambo lako mbele ya kikosi kizima: eti dada yake Dilmurad kawaambia watu kwamba tunakata mitende! Watu wa zamani walitazama chini. Wale wapya walinitazama mimi, wanasubiri. Sabzal naye, na macho yake yale. Nikacheka. Nikasema, "Banari huyo, mnamjua." Nimekugeuza mwongo mara ya pili, tena kwa tabasamu. Hilo niliweke mbele.

Wiki iliyopita lilitegwa bomu barabarani, gari moja likapinduka. Tukapelekwa kijiji cha karibu. Mashoka yakagawiwa, wapya nao. Sabzal alipokea lake, akatazama mitende, akanitazama mimi. Aliliweka shoka chini taratibu, kama mtu anayeweka yai, akakaa kitako kando yake akakunja mikono.

Kapteni akamwambia simama. Akakaa. Gwahram akamwambia kwa Kibaluchi, "Mwanangu, hii ni mahakama ya kijeshi, ni mwaka mzima jela." Akasema, "Sawa, ami." Akakaa.

Nikamwendea Kapteni. Nikamwambia mtoto huyu macho yake mabovu na akili zake si nzuri, hafai, arudishwe kwao, na mimi nitafanya zamu yake. Akafikiri kidogo. Ni mtu wa hesabu yule, alikuwa na mitende anataka ilale kabla ya jua kuzama. Akasema haya.

Nimekata fungu langu na fungu lake. Alikuwa amekaa hapo hapo muda wote.

Anaondoka na meli ya kesho kutwa, karatasi yake imeandikwa "hafai". Hajasema nami tangu siku hiyo ila mara moja. Aliuliza, "Kwa hiyo Banari alisema kweli?" Nikamwambia kila neno.

Atakapofika ataulizwa hali. Mwache aitoe. Usimsaidie, usimfiche wala usinifiche.

Mkataba wangu unaisha tarehe moja ya mwezi wa tisa. Nitatia saini miaka mingine mitatu. Usinililie juu ya hilo. Nitaingia Kech nimtazame nani?

Dilmurad


Kech
19 Julai 1960

Kaka,

Sabzal amefika Jumanne. Ameshuka na mfuko wake ule ule, amekonda, nywele zimeanza kuota. Hajanywa hata maji, Ami Shahdost keshaingia na mto. Uani pakajaa. Mimi nilikaa nyuma ya pazia, kwa mara ya kwanza mikono mitupu, sijui niiweke wapi.

"Hali?" Ami akauliza.

Sabzal akatoa hali. Hana karatasi, hajui kusoma, hakuna wa kumwambia amebuni. Alisema yote kwa sauti ya kawaida, kama anaeleza njia ya kwenda mjini Turbat. Mashoka. Kukaa kwake chini. Alipofika kwako alisema, "Kaka alichukua shoka langu akaenda kwenye mitende yangu. Alikata upesi na vizuri. Nilidhani atageuka kunitazama. Hakugeuka."

Hali haikatizwi. Lakini Mama aliikatiza. Alisimama nyuma ya pazia, mkono kwenye kamba yake, akauliza, "Ilikuwa imebeba?"

Sabzal akasema, "Imebeba, Mama. Mafungu yalikuwa bado ya kijani."

Ami alijaribu. Akakohoa, akaanza, "Kazi ya askari, ndugu zangu..." Hakuna aliyegeuza kichwa kumsikiliza. Akaokota mto wake, akavaa viatu. Mlangoni alisimama kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaenda zake. Hakuna jina jipya lililoandikwa tangu siku hiyo. Mama yake Lal Bakhsh alikuja asubuhi na karatasi na kalamu ya kuazima, na wenzake watatu nyuma yake, nikawaandikia wana wao mpaka mchana. Hakuna aliyeniomba radhi. Afadhali. Nisingejua nitazame wapi.

Mama simlaumu, na wala sikuambii kwamba amekusamehe, maana sijui, na mimi kubuni nimeacha. Nitakuambia nilichokiona.

Leo tumeanza kuvuna. Sabzal anapanda, mimi napokea mafungu chini. Mtoto wa jirani anasaidia kupanda mingine. Alipoufikia ule mrefu wa baba, wa nyuma ya kisima, uliokuwa ukiupanda wewe, keshajifunga kamba na mguu mmoja uko juu, Mama akatoka jikoni na unga mikononi, akamshika kisigino.

"Shuka. Huo una mtu wake."

Mtoto akasema, "Lakini shangazi, zimeshaanza kuiva."

"Nina macho."

Nikamwambia, "Mama, Dilmurad ameandika kwamba hatarudi. Anatia saini miaka mitatu mingine."

Akanigeukia. Ni mara ya kwanza kunitazama usoni tangu mwezi wa nne. Alikuwa amekasirika hasa, kaka, amekasirika kama zamani ulipokuwa unachelewa chakula. "Nimekuuliza ameandika nini? Nimesema una mtu wake. Hapandi Sabzal, hapandi huyu, hapandi hata Sultani. Mwandikie hivyo."

"Na zikioza?"

"Zikioza, zioze."

Banari